Askari Apite Akisalimia

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa ulinzi shirikishi, Ngamiani, Tanga. Nimeyaandika kwa sababu wapo waliofika nikiwa nimeshakaa, wakaanza kusimuliana habari nisiyoisema.)

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wetu wa Mtaa, afande mkuu wa kituo, mabalozi, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule ukutani kana kwamba mkutano huu si wenu: asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo marahaba, hata ambao hamjaniamkia.

Nimepewa dakika kumi. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na waya wa spika.

Mtaa umechanga fedha za kumpatia usafiri askari wetu wa kata na wenzake wa doria. Wiki mbili sasa mabaraza yetu hayana mazungumzo mengine. Kundi kubwa linataka pikipiki, moja, mpya, yenye mbio. Kundi dogo linasema fedha hizo hizo zinunue baiskeli. Mimi nimo kwenye kundi dogo. Kwa kweli nusu ya kundi hilo ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo mnaponisikia, jueni mnamsikiliza mtu mwenye upande, tena aliyefika hapa leo kwa baiskeli, na kipini cha nguo bado kimebana suruali.

Nilitoka depo ya polisi, Moshi, mwaka 1979, nikapangiwa mji mdogo wa reli ambao sitautaja kwa sababu baadhi ya nitakaowasema bado wana watoto huko. Nilikabidhiwa kirungu, pingu moja, filimbi, na baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, ya chuma, nzito kama kitanda cha mninga. Taa yake ilikuwa ya dinamo, ukisimama na yenyewe inazimika. Aliyenikabidhi alikuwa sajenti mmoja mtu mzima, na hakunifundisha sheria hata moja. Alinipa masharti mawili. Kwanza, usipite baraza lenye watu bila kutoa salamu, na salamu si kupunga mkono, ni kusimama mguu mmoja chini. La pili lilinishangaza. Alisema, kijana, ukirudi kituoni wiki nzima bila pancha, nitajua ulikuwa umelala mahali.

Nikamcheka moyoni. Pancha ya tatu ndiyo iliyonifundisha.

Palikuwa na kesi ya cherehani. Fundi nguo mmoja, mjane, alivunjiwa kibanda usiku, akaibiwa cherehani ya miguu, chuma na meza yake. Sisi kituoni tulishaandika maelezo, tukamwambia tutafuatilia, na nyote mnajua neno hilo likitoka kituoni maana yake nini. Siku ya nne nikapata pancha karibu na soko. Nikasukuma baiskeli mpaka kwa fundi, nikakaa kwenye kigogo chake nikisubiri kiraka kikauke. Fundi baiskeli ana kinywa kuliko kinyozi, maana mikono yake ina kazi na macho hayana. Akanilalamikia watu wanaoharibu vyombo. Akasema juzi asubuhi kijana fulani alimletea baiskeli keria imepinda mpaka imegusa tairi, njiti sita zimekatika, eti alikuwa amebeba viazi. Fundi akacheka: viazi gani hivyo vya usiku, vinavyoacha grisi nyeusi kwenye keria?

Cherehani tuliikuta siku ile ile, chini ya magunia, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Sikutumia akili yoyote. Nilitumia pancha.

Kama ningepita kwa gari, yule fundi angeendelea na kazi yake na grisi ile ingebaki kuwa habari ya kuchekesha kati yake na mkewe. Hakuniona kama nimekuja kuuliza. Tairi lilikuwa limeisha upepo, mimi nilikuwa mteja, na mteja hazungumzishwi kama askari.

Miaka ikapita, tukapata gari. Tulifurahi, nisiwadanganye. Baada ya miaka minane ya kukanyaga pedali kwenye mchanga, mtu akikuambia panda nyuma ya difenda, unapanda kabla hajamaliza sentensi. Mji wote tulikuwa tunauzunguka kwa dakika arobaini. Tukajiona tumekuwa polisi wa kisasa. Ilinichukua mwaka mzima kutambua kwamba sijui tena jina la mtu yeyote. Niliwajua waliokamatwa tu. Difenda ikiingia mtaani, watoto wanakimbia, wauza kahawa wanainuka nusu, na kila mtu anauliza swali moja: nani kachukuliwa? Hakuna anayesogea kwenye dirisha la difenda kusema jana usiku niliona kitu. Akisogea, mtaa mzima umemwona akisogea.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, mnisikilize vizuri, hasa nyie wa ukutani. Watu wanasema raia hawatoi taarifa kwa sababu hawawapendi polisi. Wapo wasiotupenda, na wana sababu zao. Lakini wengi zaidi hawatoi kwa sababu wanaogopa jirani atawaona wakiongea na sisi. Mtu ataitwa mmbea, ataitwa snichi, na usiku jiwe litatua juu ya bati. Sasa askari wa baiskeli anasimama kwa kila mtu. Anamsalimia muuza chapati, anamsalimia teja, anamsalimia mzee wa bao, anasimama kwa mama anayefua, anaulizia mtoto aliyekuwa na degedege. Kwa siku amezungumza na watu mia. Kati ya mia hao, mmoja amemwambia neno. Nani atajua ni yupi? Salamu mia zimemfunika yule mmoja kama khanga. Askari anayesimama mara moja tu kwa wiki, tena kwa gari, anamwanika kila anayezungumza naye.

Mtaniambia hayo ni ya mzee na kumbukumbu zake. Haya, tusafiri kidogo.

Mwaka 1972, mji wa Kansas City huko Marekani, polisi walifanya jambo ambalo wakuu wengi wangeliogopa. Walichukua maeneo 15 ya doria wakayagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza waliliondolea kabisa magari ya doria, polisi wakawa wanaingia wakiitwa tu. La pili wakaliacha kama kawaida. La tatu wakaongeza magari mara mbili, mpaka mara tatu. Wakaenda hivyo mwaka mzima, mpaka Septemba 1973. Walipohesabu, uhalifu haukutofautiana kwa maana yoyote kati ya mafungu yale. Na lililoniacha mdomo wazi niliposoma: wakazi kwa sehemu kubwa hawakugundua kwamba chochote kimebadilika. Magari yaliondoka, na watu hawakujua kama yameondoka. Sasa fikirieni mtu ambaye akiondoka nyumbani mwaka mzima, wenye nyumba hawamkumbuki.

Baadaye kidogo wakajaribu doria ya miguu kule Newark, jimbo la New Jersey. Matokeo yakatoka mwaka 1981, na kwa haki lazima niyaseme yote: uhalifu haukupungua. Ila watu waliokuwa na askari wa miguu walipunguza hofu, wakatoka nje, na wakawaona polisi kwa jicho jema zaidi. Wapo waliodharau matokeo hayo, wakasema hofu si uhalifu. Hao hawajawahi kuwa na mama anayefunga duka saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya hofu, wakati wateja wake wanatoka kazini saa moja. Hofu inakula mtaji kama mwizi.

Kisha Philadelphia, kiangazi cha 2009. Hapa walichagua pembe 60 za mji zilizokuwa mbaya kwa ukatili, wakapeleka askari wa miguu, wengi vijana waliotoka chuoni juzi, wakazilinganisha na pembe nyingine 60 zilizoachwa zilivyo. Uhalifu wa kudhuru watu ukashuka kwa asilimia 23 ukilinganisha na kule kusikopelekwa. Askari walipoondolewa, faida ikayeyuka. Hilo la kuyeyuka nitalirudia, maana ndilo linalotuua sisi.

Mtasema hizo ni habari za miguu, wewe unauza baiskeli. Kweli. Baiskeli ni miguu iliyopewa urefu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Chris Menton, aliwafuata askari wa magari na wa baiskeli katika miji kadhaa akihesabu kila saa wanakutana na watu wangapi. Wa baiskeli walikutana na watu zaidi ya mara mbili ya wenzao. Na bado wanafika mbali kuliko mtembea kwa miguu. Kutoka hapa mpaka Makorora, urudi kwa kupitia Msambweni, askari wa miguu atakuwa ameshachoka na jua limempiga utosi. Wa baiskeli amefika, amesalimia, amerudi, na kahawa ya Barabara ya Kumi na Mbili haijapoa.

Kuna kichekesho kimoja katika historia ya kazi hii. Polisi wa New York walianzisha kikosi cha baiskeli mwishoni mwa 1895, Theodore Roosevelt akiwa rais wa bodi ya polisi ya mji ule, kabla hajawa rais wa nchi. Mnajua kwa nini walichagua baiskeli? Kwa sababu ya mbio! Barabarani palikuwa na farasi, mikokoteni, na vijana waliokuwa wakiendesha baiskeli kwa fujo wakigonga watu. Hakuna kilichoweza kuwafukuza ila baiskeli nyingine. Askari wale walikuwa wakiwakimbilia hata farasi walioasi, wanamshika farasi hatamu huku wenyewe wapo juu ya magurudumu mawili. Mwaka 1899 jamaa mmoja aitwaye Charles Murphy aliendesha baiskeli nyuma ya treni, akamaliza maili moja kwa chini ya dakika moja. Baadaye akaajiriwa polisi kule kule New York. Vijana wa bodaboda, huyo ni babu yenu.

Kisha gari likaja, baiskeli ikaitwa ya polepole, ikatupwa stoo. Huko Uingereza askari wa kijiji na baiskeli yake alikuwa kama nguzo ya taa, kila mtu anamjua. Miaka ya 1960 wakamtia kwenye gari dogo, na tangu hapo Waingereza wanalalamika kwamba polisi wao hawaonekani. Baiskeli ikarudi kwa mlango wa nyuma: Seattle, mwaka 1987. Katikati ya mji palikuwa pamechimbwa, magari yamekwama, ya polisi yakiwamo. Askari wawili, Paul Grady na Mike Miller, wakaomba waruhusiwe kutumia baiskeli za gia, zile za milimani zenye matairi mapana. Wakawa wanapita pale gari lisipopita, na wanawafikia wauza unga bila kusikika. Miji mingine ikaiga. Ndiyo kusema chombo kilichochaguliwa kwa mbio kikatupwa kwa kukosa mbio, kikarudishwa kwa sababu hakina kelele.

Hilo la kelele lina uzito wake kwetu. Wezi wa Ngamiani wanaijua kila pikipiki ya kituo kwa mlio. Ikiwa bado Barabara ya Tatu, wa Barabara ya Tisa ameshazima sigara. Usiku wa kusi, upepo ukiwa unakuja usoni, askari wa baiskeli anasikia bati likibanduliwa nyumba ya nne. Anasikia mtoto analia na sauti ya mwanamume anayepiga. Ananusa bangi kabla hajamwona mvutaji. Mwenye pikipiki ana kofia ngumu kichwani na injini katikati ya mapaja, anasikia injini.

Na vichochoro vyetu mnavijua. Kuna sehemu hapa jeneza linapita kwa kuinamishwa.

Nisiwasifie Marekani peke yake, maana na wao baiskeli hizo hizo wamezifanya ua wa chuma: waandamanaji wakija, askari wanazipanga ubavu kwa ubavu, wanasukuma watu nazo. Chombo hakina dini. Mimi mfano ninaoupenda ni Japani. Kule kuna vituo vidogo vinaitwa koban, tangu mwaka 1874 mjini Tokyo. Leo viko takriban 6,000 nchi nzima, na pembeni yake vipo vingine karibu idadi hiyo hiyo vijijini, ambako askari anaishi humo humo na familia yake. Nje ya koban utaona baiskeli nyeupe, ina sanduku nyuma la kuwekea karatasi. Askari huyo anaelekeza waliopotea, anapokea pochi zilizookotwa, anazunguka nyumba kwa nyumba kujitambulisha na kuandika nani anaishi wapi, ili nyumba ikiungua ajue ndani kuna bibi asiyeweza kutembea. Anawasimamisha pia waendesha baiskeli kuangalia namba zao za usajili, kwa sababu kule wizi mkubwa wa mtaani ni wa baiskeli. Wengine wanachukia kusimamishwa, na sishangai.

Lakini mkitazama vizuri, pale siri si baiskeli nyeupe. Siri ni kwamba askari yule ana eneo lake. Sisi tuna mkaguzi wa kata, ni hatua njema, nampongeza aliyeifikiria. Tuna mabalozi wa nyumba kumi. Wazee wetu wa Usukumani na Unyamwezini walianza sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila gari wala baiskeli, kwa mbinja na miguu, na serikali ikaja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Kwa hiyo mtaa kujilinda si habari ngeni kwetu. Kinachokosekana ni askari anayekaa muda wa kutosha mpaka mbwa wa mtaa waache kumbwekea.

Sasa hoja za wenzangu wa pikipiki. Nimezisikia zote, tena nyingine nimetukanwa nazo.

Mnasema vibaka siku hizi wanapora kwa bodaboda, anamnyakua mama pochi na kutoweka, baiskeli itamkamata wapi? Haitamkamata. Na pikipiki yenu pia haitamkamata, kwa sababu atakapofika askari, tayari dakika kumi na tano zimepita na yule yuko Duga anakunywa soda. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumkamata mtu kwa kumfukuza ila mara mbili, na mara moja alianguka mwenyewe. Wengine wote tulikwenda kuwaamsha alfajiri, kwa sababu mtu fulani alituambia wanalala wapi. Gari la dharura libaki pale kituoni, na liwe na mafuta. Afande, nimesema liwe na mafuta, naona umeandika.

Mnasema askari juu ya baiskeli anaonekana hohehahe, hatutamheshimu. Hoja hii nimeisikia zaidi kwa askari vijana kuliko kwa raia. Mwanangu, heshima unayoipata kwa kupita mbio na ving'ora ni ya kuogopewa, na anayeogopwa haambiwi kitu. Halafu huu ni mji gani? Hii ni Tanga! Hapa mwalimu anapanda baiskeli, shehe anapanda, bibi harusi wa mwaka jana naye anapanda, na mama zetu wanapanda na baibui zao, mtoto mbele na kapu nyuma. Mji wote uko tambarare kama sinia. Kama kuna mahali Tanzania hii askari akipanda baiskeli atafanana na wenyeji, ni hapa. Na hapo naomba askari wa kike wapewe nao, maana kuna mambo ya ndani ya nyumba ambayo mwanamke hatanieleza mimi hata nikisimama mlangoni mwaka mzima.

Mvua ya masika, ndiyo, itawalowesha. Inatulowesha wote.

Nimesema nitarudi kwenye kuyeyuka. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, si hapa na jina nalihifadhi, kililetewa baiskeli kumi. Siku ya kukabidhiwa palikuwa na maturubai, ngoma, utepe, na hotuba ndefu kuliko hii. Nilikuwepo, nimepigwa picha nimeshika usukani. Baada ya miezi minne zilikuwa zinatembea tano. Hazikuibiwa. Ya kwanza ilikosa mpira wa ndani, na fedha ya mpira haikuwa kwenye fungu lolote, kwa sababu fungu lilikuwa la mafuta, na baiskeli hainywi mafuta. Ya pili ikanyofolewa mpira kuisaidia ya tatu. Nyingine ikawa inakwenda kuchota maji nyumbani kwa mkubwa, nyingine inampeleka mtoto shule. Mwaka ulipokwisha zilikuwa nyuma ya mahabusu, kuku anatagia kwenye kapu la mojawapo. Gharama ya kuzifufua zote ilikuwa ndogo kuliko ile ya maturubai.

Kwa hiyo nikiomba baiskeli, naomba na daftari. Fedha ya pikipiki moja inanunua baiskeli kadhaa. Msinunue kadhaa zote. Nunueni nne, ngumu, zisizo na madoido, na salio liwe la mipira, cheni, matairi na mikono ya fundi, likae kwa Mwenyekiti na mweka hazina wa mtaa, si kituoni. Afande asinielewe vibaya. Nimekaa kituoni miaka thelathini na zaidi, ninajua fedha ndogo zinavyopotelea kwenye shida kubwa. Kila baiskeli ipakwe namba kubwa nyeupe kwenye fremu, mtoto wa darasa la pili aweze kuisoma. Na askari watakaopewa, mkuu wa kituo atuahidi mbele ya mkutano huu kwamba hawatahamishwa eneo kabla ya miaka miwili, labda kwa amri kutoka juu ambayo hawezi kuizuia.

Namba ile ina kazi mbili. Ya kwanza mmeielewa. Ya pili ni kumlinda raia dhidi ya askari mwenyewe, na hili nalisema nikiwa na haya kidogo usoni. Baiskeli inamsogeza askari karibu na watu, na karibu na watu ni karibu na sahani zao. Mimi nimekula maandazi ya bure. Sikuomba, nilipewa, ndivyo tunavyosema wote. Mwezi wa kwanza ni andazi la ukarimu, mwezi wa sita ni andazi la haki yangu, mwaka wa pili muuza maandazi anahesabu andazi la askari kama anavyohesabu kuni na unga. Kisha siku anakuja mtu kumshitaki muuza maandazi, na mimi tumbo langu limeshakula upande mmoja. Mama zangu, mkirimuni kwa maji ya kunywa tu. Akitaka andazi, shilingi zake. Akikataa kulipa, someni namba kwenye fremu, mpelekeeni Mwenyekiti.

Na nyie vijana wa ukutani. Najua baadhi yenu mnapigwa mabega na kuambiwa mzururaji kwa kukaa kijiweni tu. Sitawaambia askari wa baiskeli atakuwa malaika. Nitawaambia hivi: askari aliyekusalimia kwa jina Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Alhamisi atapata taabu kukuandika kwenye kitabu kama mtu asiyejulikana. Na wewe utapata taabu kumrushia jiwe. Taabu hiyo ndogo, ya pande zote mbili, ndiyo ninayoiombea fedha.

Naona Mwenyekiti ameshika waya.

Mwisho wa habari, nimezungumza na fundi wa baiskeli wa pale kona, amekubali kuziba pancha za doria bila malipo kila Ijumaa baada ya swala, mpira na solusheni tumletee sisi. Daftari la michango liko mezani. Mimi naanza na shilingi 20,000, hizi hapa, mweka hazina azihesabu kwa sauti.

Na kama kuna mwenye pampu kati yenu, baiskeli yangu iko pale chini ya mwembe. Gurudumu la nyuma limelala tangu mheshimiwa Diwani alipoanza kuzungumza.